Michembe ya Mfadhili

Kimali, Meatu,
Mkoa wa Simiyu.

Mama yangu,

Shikamoo. Ukiona barua hii mkononi mwa shangazi Eliza, ukatazama nyuma yake na usimwone Bupe, usimgombeze shangazi. Amekuja kama ulivyomtuma. Alipomaliza semina yake ya kanisa Mwanza alipanda basi hadi Bariadi, akabadilisha gari, akafika mpaka huku Kimali, mahali ambapo mimi nilipokuja mara ya kwanza nilidhani dereva amepotea njia. Amefanya yote. Mimi ndiye niliyemnyima mtoto.

Kabla hujakasirika, niambie hali yako. Goti limepoa? Mvua ya huko imekuacha uchume chai, au bado unashinda umejifunga gunia mgongoni? Ng'ombe amezaa? Na presha, mama, lakini hiyo nitaiuliza mwishoni, maana ina maneno yake.

Sisi huku ni wazima. Mimi nimekonda kidogo, shangazi atakwambia kwa kuongeza chumvi. Bupe ana meno manane na anatukana kwa Kisukuma bila kujua. Sasa hivi ninapoandika yuko nje kwenye kivuli cha nyumba na shangazi na Mama Kulwa, mwenye nyumba wangu. Wanapepeta choroko. Shangazi anasimulia kwa Kinyakyusa, Mama Kulwa anajibu kwa Kisukuma, na wanacheka pamoja. Sijui wanacheka nini.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu sisi wawili hatuwezi. Wewe unalia, mimi nanyamaza, mtandao unakatika, kila mtu anabaki na lake. Juzi ulisema, "Mradi umekufa, baba wa mtoto yuko machimboni hajulikani anarudi lini, unakaa jangwani unasubiri nini? Mlete mtoto huku anywe maziwa, wewe utafute kazi mikono ikiwa mitupu." Sikukujibu. Jibu lake ni refu na nimelipata polepole. Naomba usomewe na dada Subilaga taratibu, asiruke.

Nianze na mradi wenyewe, maana najua majirani uliwaambia mwanao anafanya kazi na wazungu. Wazungu wenyewe nilimwona mmoja. Kazi yangu ilikuwa kila Alhamisi, kwenye ghala la pamba la chama cha ushirika, kupima watoto chini ya miaka mitano. Tulikuwa na mizani ya kuning'iniza, mtoto anavalishwa suruali ya kitambaa anatundikwa kama mkungu wa ndizi, analia, akina mama wanacheka. Halafu utepe wa kupima mkono. Ukizungusha mkononi ukasoma kijani, mtoto yuko salama. Njano, tunamfuatilia nyumbani. Nyekundu, tunampa pakiti za chakula cha dawa na tunampeleka zahanati. Huku wananiita Mama Utepe. Hata wanaume kwenye mnada wa ng'ombe wananyoosha mkono, "Mama Utepe, nipime na mimi, mke wangu hanipikii."

Yule mzungu mmoja alikuwa msichana wa ofisi yao ya huko Ulaya, jina lake Karin. Alikuja mwaka jana akalala siku tatu hapa kwa Mama Kulwa. Siku aliyofika mvua ilinyesha baada ya kiangazi kirefu, kwa hiyo wamama wakampa jina Kabula, ambalo huku wanampa msichana aliyezaliwa na mvua. Mboga ya mlenda ilimshinda, ulimning'inia kidevuni kama ndevu. Lakini alikaa chini na watu. Kwa wamama wa hapa, mfadhili si serikali ya nchi fulani. Mfadhili ni Kabula.

Sasa, mwezi wa pamba kuanza kupasuka, mratibu wetu, kaka Deo, alituita wahamasishaji wote ofisini Bariadi. Nilipoingia niliona meza na viti vimebandikwa karatasi za namba, kama ng'ombe wa mnadani, nikajua hapa kuna kuuzwa. Akafungua kompyuta, Karin akatokea kwenye kioo, macho mekundu. Akazungumza, kaka Deo akawa anatafsiri.

Alisema nchini kwao uchumi umeyumba. Umeme umepanda, na gesi ya kupashia nyumba joto imepanda. Watu wameacha kununua magari mapya. Kiwanda cha vipuri ambako baba yake amefanya kazi tangu ujana kimewaachisha watu, na baba yake yumo. Watu wasipofanya kazi kodi inapungua, na serikali yao imeshakopa mpaka imechoka. Basi wabunge wao wakakaa wakaulizana, tupunguze wapi? Hospitali? Wazee wakaja juu. Shule? Wazazi wakaja juu. Misaada ya nje? Hapo hakuna aliyekuja juu, mama, maana wa kuja juu tulikuwa sisi, na sisi hatupigi kura kule.

Mradi ulikuwa bado na miaka yake mbele. Ukaambiwa ufungwe baada ya mavuno.

Nilikaa pale nikiwaza kitu cha kijinga. Siku zote nilidhani fedha ya wafadhili inatoka mahali kama chemchemi ya kule kwetu, inatoka tu, hakuna anayeuliza nani kaijaza. Kumbe pakiti niliyokuwa nampa mtoto wa Kimali, kipande chake kilikuwa kimekatwa kwenye mshahara wa mzee anayetengeneza vipuri, mzee ambaye hajawahi kusikia neno Kimali. Yeye kaachishwa, na mimi huku nimeachishwa, kama watu wawili tuliokuwa tumeshika kamba moja hatuonani.

Tulipotoka kaka Deo akanivuta pembeni. "Atupele, nenda ukawaeleze akina mama. Waambie wafadhili wamekumbwa na mdororo wa uchumi. Usiwatie hofu."

Alhamisi ile nikasimama ghalani nikawaambia hivyohivyo, mdororo wa uchumi.

Mama Kulwa akauliza, "Mdororo ni mdudu wa pamba?"

"Siyo mdudu."

"Maana bwana shamba hajatutajia huyo. Tunamjua funza wa vitumba tu."

"Ni pale uchumi unaposinzia, Mama Kulwa."

"Basi si mtu auamshe!"

Wakacheka wote. Mimi, mama, nikaona aibu. Nikataka kuonyesha kwamba miaka mitatu huku sikukaa bure, najua lugha yao. Nikatafuta neno la Kisukuma kichwani, nikapata moja, nikalitupa. Nikasema, kule kwa akina Kabula kumeingia *nzala*.

Nzala ni njaa. Lakini kwetu njaa ni mtu kurudi kutoka shuleni tumbo tupu, na ndizi zipo nyuma ya nyumba. Huku nzala ni mwaka mzima. Ni mwaka ambao mbuga inapasuka nyufa za kuingia mguu, na ng'ombe wanauzwa kwa bei ya mbuzi. Watu hawalitaji neno hilo wakicheka. Bibi Holo, mwanamke mtu mzima ambaye anakuja na mjukuu wake Jilala, akavua kitambaa cha kichwa akakishika mapajani.

"Mayu wane," akasema, yaani mama yangu. "Kabula anakula nini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusahihisha, mama. Nilikuwa nimechoka, Bupe ananivuta titi, foleni ya kupima ni ndefu. Nikasema, "Wanajitahidi." Nikaendelea na mizani.

Alhamisi iliyofuata nilikuta kiroba kimesimama mlangoni mwa ghala, kimeshonwa mdomo. Ndani michembe. Wewe hujawahi kuiona, ndiyo hiyo niliyokufungia, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vibichi vikaanikwa juani mpaka vikawa vikavu kama mbao. Huku ndiyo akiba. Mtu anaihesabu kama anavyohesabu ng'ombe. Kila mama alikuwa ametoa kibakuli chake.

"Mpelekee Kabula," akaniambia Mama Kulwa.

"Mzungu atakula michembe?" mwingine akauliza. "Mlenda tu ulimshinda."

"Mlenda ulimshinda kwa sababu alikuwa ameshiba."

"Atachemsha na karanga, italainika."

"Karanga wanazo huko?"

Bibi Holo akafungua upindo wa khanga yake, akatoa fundo la karanga, akaliweka juu ya kiroba. Jilala alikuwa amekaa miguuni pake. Mkono wa Jilala kwenye utepe wangu ulikuwa njano iliyokaribia nyekundu. Ile karanga ilipaswa kuwa ya Jilala.

Mama, ningekwambia nililia lakini sikulia. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nilikosa ujasiri wa kusema pale pale kwamba nimesema uongo, nikapakia kiroba kwenye gari, nikaenda nacho Bariadi.

Kaka Deo alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha. "Nani alikwambia uwaambie kuna njaa?"

"Wewe hukunipa neno lingine."

"Nilikupa mdororo."

"Walisema ni mdudu."

Akakaa juu ya meza yenye namba. Alisema hawezi kusafirisha michembe Ulaya, kuna vibali, kuna mambo ya wadudu, itakamatwa uwanja wa ndege. Nikamwambia sawa, lakini Kabula aambiwe. Kimetoka vinywani mwa watoto, lazima aambiwe. Akampigia. Nikainua kiroba mbele ya kioo, nikafungua, nikamwonyesha kwa mkono.

Karin alisogea karibu na kioo, akaitazama michembe bila kupepesa. Kaka Deo akadhani mtandao umeganda. Halafu Karin akazungumza polepole, na hiki ndicho kaka Deo alichonitafsiria, nimekishika neno kwa neno.

"Waambie baba yangu anakula. Anakula mara tatu. Anapata fedha kidogo ya serikali mpaka apate kazi nyingine. Hatuna njaa, tumebanwa. Watu wakibanwa huanza kupunguza kile wasichokiona. Wabunge walisema ninyi mtatuelewa."

Halafu akauliza inapikwaje, na kwenye kioo nikamwona anaandika.

Kurudi Kimali na kile kiroba, nilikuwa na safari ndefu ya kufikiria neno moja, *mtatuelewa*.

Unakumbuka mwaka ule kiwanda cha chai kilichelewa kutulipa, mimi nikiwa darasa la tano? Marehemu baba alikuwa anamsomesha mtoto wa binamu yake kule Chunya. Tulikaa jikoni, baba akasema lazima tupunguze. Hakupunguza ada ya shule ya dada Subilaga, wala sare yangu. Alisema, "Yule wa Chunya atatuelewa." Na wewe ukaitikia, mama, ukasema ataelewa. Hakuna aliyekwenda Chunya kumuuliza kama alielewa. Mpaka leo mimi sijui yule kijana aliishia darasa la ngapi. Simlaumu baba. Alikuwa na vinywa mbele yake, na kile kinywa kingine kilikuwa nyuma ya milima. Ndivyo walivyofanya wabunge wa akina Karin, walifanya kama baba yangu. Kwa hiyo siwezi kuwachukia.

Alhamisi nikasimama tena ghalani. Hapo sikujificha nyuma ya mizani, ilikuwa imeshachukuliwa. Nikawaambia, wamama zangu, nilikosea. Neno nililotumia si lenyewe. Kwa akina Kabula hakuna nzala. Wanakula. Wamebanwa, wamekaza mkanda, na mkanda wenyewe wameukazia kwetu.

Bibi Holo ndiye aliyeuliza kwanza.

"Anakula mara ngapi?"

"Mara tatu, bibi."

"Basi nirudishie michembe yangu."

Mama, ghala lilivunjika kwa kicheko. Mama Kulwa alilala juu ya mifuko ya pamba. Bibi Holo mwenyewe hakuwa anatania hata kidogo, amenyoosha bakuli. Akina mama wakasimama, kila mmoja anadai chake. Sasa utajuaje michembe ipi ya nani ndani ya kiroba? "Yangu mimi nyeupe." "Yako nyeupe tangu lini, shamba lako ni udongo mwekundu!" Wakabishana mpaka Mama Kulwa akasema ameshachoka, lete sufuria. Tukachemsha yote palepale nje ya ghala, tukatwanga zile karanga za Bibi Holo tukamimina, watoto wakala. Jilala alikula mabakuli mawili akalala amesimama.

Tangu siku hiyo kila Alhamisi wanaleta kitu. Siku nyingine choroko, siku nyingine maziwa mgando kwenye kibuyu, siku nyingine maneno tu. Kaka Deo alichukua mizani na vishikwambi na meza ya kukunja. Utepe hakuuhesabu. Ninao. Zahanati wameniandika kama mtu wa kujitolea, hakuna mshahara, lakini mtoto akiwa nyekundu nikimpeleka nesi anamwona haraka. Zile pakiti zimekwisha, na siwezi kukudanganya kwamba michembe ni sawa na pakiti. Mtoto mmoja tulimpoteza. Sitakuandikia habari zake, dada anasoma kwa sauti na watoto wanasikia.

Sasa nikwambie kuhusu Jilala, ndipo utanielewa. Na hilo neno nimelitumia makusudi.

Mama yake Jilala yuko Mwanza, anafanya kazi za ndani. Alimwacha mtoto kwa Bibi Holo akiwa na umri wa Bupe, ili yeye atafute kazi mikono ikiwa mitupu. Ni maneno yako yale yale. Mwanzo alikuwa anatuma. Sukari, sabuni, hela ya maziwa. Halafu tajiri wake biashara ikayumba, mshahara ukakatwa nusu. Akapunguza kutuma. Akasema mama ataelewa. Na Bibi Holo akaelewa, alimwelewa sana, hakumwambia hata siku moja kwamba mtoto anapungua. Aliona aibu kumsumbua aliyebanwa. Mimi ndiye niliyezungusha utepe nikaona.

Usidhani nakufananisha. Najua kwako Bupe angekula. Najua ungempa la kwako ukalala na chai. Hilo ndilo linaloniogopesha, wewe ungemficha asionekane anapungua, na wewe mwenyewe ungepungua kwanza. Na mimi ningekuwa huku nasema, mama ataelewa.

Nina hakika ningesema, kwa sababu nimeshasema.

Posho ya mradi ilipokatwa nusu, kabla haijafutwa kabisa, nilikaa kitandani nikapanga. Kodi ya chumba ibaki. Maziwa ya Bupe yabaki. Nikafika kwenye fedha yako ya dawa ya presha ninayoipeleka kila mwezi kwa yule mwenye duka la dawa Tukuyu. Nikasema, hii ipumzike kidogo, mama ataelewa. Sikukupigia hata kukwambia. Nilijiambia una akiba, nilijiambia dada atanunua. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wewe kila nikipiga unasema "mimi mzima." Halafu dada Subilaga akaniambia, kwa hasira, kwamba unakata kidonge kwa wembe, nusu asubuhi hii, nusu asubuhi nyingine, na umemkataza asiniambie kwa sababu mtoto amebanwa.

Nimesimama mbele ya wamama nikawaambia watu wa Ulaya wamekata walio mbali. Na nyumbani kwangu mwenyewe nilikata nani? Nilimkata aliye mbali. Nisingeambiwa kwamba unakata kile kidonge, ningeendelea. Ningekuwa chumba cha pili nikisikia wembe unagonga sahani, nisingeweza kupanga vile. Hakuna mzungu aliyenifundisha hilo, na hakuna wa kumlaumu.

Ndiyo maana Bupe haji. Si kwa sababu huku kuna raha. Huku ni vumbi, na maji ni ya lambo, bwawa la mvua. Si kwa sababu nakudharau, na wala si kiburi cha mtu aliyemaliza kidato cha nne, maana najua ulivyokitaja kwa shangazi. Ni kwamba nimejijua. Mimi mtu akiwa mbele yangu namgawia. Akiwa nyuma ya milima, namwambia ataelewa. Mtoto huyu sitaki anielewe. Nataka anililie hapa hapa, anivute nguo, nimwone.

Nimechuma pamba ya Mama Kulwa mpaka vidole vimepasuka, na mnada ukifika nauza maandazi. Chumba sijafukuzwa. Kaka Deo anasema huenda halmashauri itachukua wahudumu wachache wa jamii, huenda isichukue. Ikifika msimu wa kupanda sijapata kitu, nitakuja mwenyewe nyumbani, mimi na Bupe pamoja, tukae watatu na tubanwe watatu. Lakini sitamtanguliza yeye kama mzigo.

Hilo ndilo neno langu, mama. Lia ukitaka, halafu likubali.

Nisalimie dada Subilaga, na umwambie nimemsamehe kwa kunifokea na yeye anisamehe kwa kustahili kufokewa. Msalimie mumewe, na wale wapwa zangu wawili wanaonipandisha cheo wakisema mama yao mdogo ni daktari. Msalimie mjomba mwenye pikipiki, mwambie deni la ile safari ya stendi sijalisahau. Msalimie mchungaji na mkewe, na yule jirani wa mpakani ambaye mnagombania mgomba, mwambie Atupele amesema mkungu wa safari hii ni wake. Kama yule ndugu yetu wa Chunya kuna mtu ana habari zake, popote alipo, mniambie. Ningependa kumsalimia na yeye kwa jina.

Mama Kulwa anasema mwangaluka, ndiyo asubuhi njema ya huku, na anasema shangazi ameiharibu choroko yake lakini amependa maongezi. Bibi Holo ametoa michembe hii iliyomo kwenye mfuko. Nilimwambia ni ya mama yangu, akauliza, "Naye anakula mara tatu?" Nikasema sina hakika. Akajaza bakuli likamwagika. Loweka kwanza, chemsha mpaka ilainike, karanga utwange mwenyewe, za huko ni tamu.

Chini ya michembe kuna kiboksi nimekifunga kwa nailoni. Ni vidonge vyako, nimevinunua Bariadi kwa jina lile lile lililoandikwa kwenye karatasi ya daktari, nimemwonyesha mfamasia picha aliyonitumia dada. Sikutuma hela kwa sababu nakujua, ungemnunulia Bupe sweta. Vikikaribia kuisha, usiniambie wewe ni mzima. Niambie vimebaki vingapi.

Na wembe mpe dada akakatie kucha za watoto. Kidonge kimoja kila asubuhi, mama. Kizima.

Mimi mwanao,
Atupele, mama yake Bupe.